Waliopita Arobaini na Tisa

Jumatatu, 10 Machi 2003, Kitengela

Nimenunua daftari hili kwa sababu nisipoandika nitamtukana mtu kazini.

Leo nilikuwa nachoma mtoto sindano joto likanipanda. Linaanzia kifuani, linapanda shingo, linafika masikioni, halafu jasho. Nilimaliza kumchoma mtoto, nikaweka sindano chini, nikafungua dirisha. Vumbi la barabara ya Namanga likaingia. Githongo akapita mlangoni, akanitazama, akawaambia wamama waliokuwa kwenye benchi, "Sista Nzula ameanza kuiva." Wakacheka. Hata wale wa umri wangu walicheka, na hao ndio walionichoma zaidi.

Githongo si daktari hasa, ni afisa wa kliniki, lakini huku kila mwenye koti jeupe ni daktari. Ndiye mkubwa wa zahanati yetu. Huwa anachokora sikio na kifuniko cha kalamu, halafu anaandikia watu dawa na kalamu hiyohiyo.

Nimetimiza miaka hamsini mwezi uliopita. Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyenifundisha neno moja juu ya jambo hili linalonipata. Nilifundishwa mimba, kuzalisha, kupanga uzazi, chanjo. Baada ya hapo kitabu kilifungwa.

Jumatano, 12 Machi

Joto. Wagonjwa thelathini na wanane. Githongo alifika saa nne.

Ijumaa, 14 Machi

Watu wa utafiti walikuja. Mradi umeandikwa kwenye mlango wa gari lao kwa rangi ya buluu: Afya ya Mwanamke. Nilifurahi nilipousoma. Walipanga meza chini ya paa la mbele, na msichana mmoja anayeitwa Selpha, aliyemaliza chuo juzi tu, akaanza kuwauliza wamama maswali na kujaza fomu. Kila aliyejaziwa fomu alipewa kipande cha sabuni.

Naisula alipanga foleni pia. Naisula ni mama wa Kimaasai, ana miaka hamsini na saba, ndiye hutuletea maziwa ya chai hapa zahanati tangu nihamie Kitengela. Alikuwa ameweka mtungi wake kando na kusubiri karibu saa mbili. Alipofika mezani Selpha akamwuliza umri. Akasema.

"Pole, mama," Selpha akasema. "Tunachukua miaka kumi na tano mpaka arobaini na tisa. Wewe umeshapita."

Naisula hakuondoka. Akasimama pale na mikono yake kwenye shuka. "Nikipita, nimekuwa nini?" akauliza.

Selpha alinitazama kama mtu anayeomba asaidiwe. Mimi nikashughulika na chanjo. Naisula akabeba mtungi wake, akaenda.

Baadaye niliiomba fomu nikaisoma. Kurasa kumi na mbili. Mtoto wa kwanza, mtoto wa mwisho, njia ya kupanga uzazi, mume yuko wapi. Mwanamke asiyezaa tena hana hata mstari mmoja. Basi huyo mwanamke wa kwenye mlango wa gari ni tumbo lenye miguu.

Jumanne, 18 Machi

Kitonga, mume wangu, amehamia chumba cha watoto na blanketi yake. Anasema nafungua madirisha kama mtu anayefukuzwa na kumfanya aende kiwandani na mafua. Pia anasema niko na hasira za bure. Nilikuwa na hasira, ila si za bure.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo ilikuwa nzuri kwa saa moja, halafu ikawa ni tope.

Alhamisi, 27 Machi

Nitaandika yote jinsi yalivyokuwa.

Naisula alikuja leo bila maziwa. Alikuwa amelowa mpaka magotini. Nikamsalimu kwa Kimaasai kama mama, "Takwenya, yeiyo," akaitikia "Iko" kwa sauti ndogo. Akaingia kwa Githongo akatoka kabla sijamaliza kuandika jina la mgonjwa anayefuata. Alipewa Panadol na vidonge vya kuongeza damu.

Nilimfuata nje kwa sababu alikuwa anatembea akishika ukuta. Nikamwuliza anaumwa wapi.

"Mgongo. Na chini hapa." Akatazama kama kuna anayesikia. "Damu imerudi, sista."

"Damu gani?"

"Ile ya mwezi. Mimi nilifunga zamani, mwaka wa sita huu. Sasa imerudi na inanuka. Siwezi kukaa kanisani karibu na watu."

Kila muuguzi anajua damu ikirudi baada ya kukoma miaka, hiyo si ya mwezi. Hata sisi ambao kitabu kilifungwa tulisoma ukurasa huo mmoja. Nikamwuliza imeanza lini.

"Ile mvua ya Novemba."

"Miezi minne? Ulimwambia nani, Naisula?"

Akanitazama vizuri. Hakukuwa na ukali usoni mwake.

"Nilikuambia wewe," akasema.

Nilitaka kubisha. Akatoa daftari lake kutoka kwenye mfuko wa plastiki, lile daftari la shule tunalowaambia wagonjwa waje nalo, akanipa. Nikamwambia nitakaa nalo mpaka kesho nimwandikie barua ya kwenda hospitali ya Kajiado. Akakubali bila kuuliza.

Ijumaa, 28 Machi

Kurasa tano. Tatu ni mwandiko wa Githongo, kama kuku aliyekanyaga wino. Mbili ni mwandiko wangu. Tarehe kumi na tisa Novemba: *Malalamiko ya umri. Panadol.* Tarehe ishirini na moja Januari: *Malalamiko ya umri. Panadol. Ashauriwe kupumzika.* Hakuna jina langu, lakini mwandiko wangu ninaujua, ile kalamu ya kijani pia ninaijua.

Nimejaribu kukumbuka siku hizo mbili. Sikumbuki kitu. Labda kulikuwa na foleni. Labda ilikuwa karibu saa saba. Mwanamke alikaa mbele yangu akaniambia anatoka damu, nami nikaandika neno *umri* bila kuinua kichwa.

Nilishika ukurasa wa Novemba kwa vidole viwili. Kuung'oa ni rahisi, madaftari haya yamefungwa kwa pini mbili tu. Niliuachilia. Nimejichukia mara mbili, mara moja kwa kuandika na mara nyingine kwa kujaribu kuung'oa.

Jumatatu, 31 Machi

Nilimwomba Githongo ufunguo wa kabati. Mle ndani mna spekulamu, kile kifaa cha chuma cha kuangalia mlango wa kizazi, na taa yake. Vililetwa mwaka juzi, bado viko kwenye plastiki.

"Za nini?"

"Nataka kumwangalia Naisula. Anatoka damu na alishafunga."

"Vile ni vya wajawazito na wa kupanga uzazi," akasema. "Tukianza kupima wazee tutamaliza lini? Mwanamke akifika umri huo kila kitu kinauma. Wewe mwenyewe si unajua?" Akacheka, akarudisha kifuniko cha kalamu sikioni.

Nilirudi mezani kwangu nikachukua karatasi.

Barua ya Kajiado nimeiandika mwenyewe na kuweka sahihi yangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Naisula hawezi kutoka kwao, tope limefunga njia. Wagonjwa kumi na wanane. Githongo hakufika.

Jumatatu, 7 Aprili, Kajiado

Nilichukua siku ya ruhusa nikaja na Naisula hospitalini. Jane, binti yake, alitukuta langoni. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapahapa Kajiado, mrefu, mwenye kuongea polepole. Aliniamkia vizuri sana. "Shikamoo, auntie. Asante kwa kumleta mama. Wengine hawangejisumbua." Nikasema ni kazi yangu.

Daktari ni msichana wa kwetu Ukambani, Daktari Ndunge. Alimwomba Naisula ruhusa kabla ya kumgusa. Katika miaka ishirini na sita nimeona jambo hilo mara chache hata naweza kuzihesabu. Aliwasha taa, akaangalia. Nilikuwa nimesimama kichwani mwa kitanda nikimshika Naisula mkono, na hata pale harufu ilinifikia. Ndunge akachukua kipande kidogo cha nyama, akakitia kwenye chupa.

"Hiki kinaenda Nairobi," akasema. "Majibu ni wiki tatu. Mama, sitakudanganya, sijapenda nilichoona."

Naisula akajifunika shuka. "Sasa nimepimwa," akasema kwa Kiswahili, halafu akamwambia Jane kitu kwa Kimaasai na Jane akageuka upande wa dirisha.

Ndipo Ndunge alipofungua daftari la Naisula. Alisoma ukurasa mmoja, akageuza, akasoma mwingine. Akauliza, bila kupandisha sauti, "Huyu wa kalamu ya kijani ni nani?"

Jane aligeuka kutoka dirishani. Naisula alikuwa anafunga kiatu. Na mimi, Nzula, mama wa watoto watatu, mzee wa kanisa, nilisema, "Sijui. Pale kwetu watu hubadilishana."

Naisula hakuinua kichwa. Aliendelea kufunga kiatu chake.

Jumatano, 9 Aprili

Sili vizuri. Ninamtazama Githongo nione tofauti kati yake na mimi. Yeye hukosea na kucheka. Mimi nilikosea nikadanganya.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nimeanza kazi nyingine. Kila mwanamke aliyepita miaka arobaini na tano akija, awe ameleta mjukuu au anaumwa jino, namwuliza mambo matano. Hedhi ilikoma lini. Je, anapata joto la ghafla. Je, analala. Je, anaumia akiwa na mume. Je, damu imerudi. Naandika upande wa nyuma wa daftari hili.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa nguo sokoni. Alifikiri namtania. Alipoona naandika kweli, akafunga mlango mwenyewe akaongea nusu saa. Alikuwa akidhani ana pepo. Ameombewa mara nne.

Wamama saba kwa siku moja. Wawili walilia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisani joto lilinipanda wakati wa sala. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anajipepea na kitabu cha nyimbo, nyuma yangu mwingine. Watatu tukijipepea, kila mtu akijifanya ni kwa sababu ya jua, na nje ilikuwa inanyesha.

Jumatano, 23 Aprili

Selpha alirudi na gari la utafiti. Alinikuta nauliza maswali yangu, akasikiliza mlangoni. Wakati wa chai akaniambia jambo.

"Auntie, mimi niliwajazia fomu wamama kumi na sita waliopita umri. Nilikuwa naona vibaya kuwafukuza."

"Ziko wapi?"

"Bosi alizitoa kwenye rundo. Daktari Joram. Alisema zinaharibu takwimu. Nikamwuliza kwa nini tusifanye utafiti wao pia, akasema hakuna mfadhili anayetaka kusikia habari za wanawake wakavu."

Alilisema neno hilo akitazama kikombe. Mtu ana digrii tatu, ana mama yake, na anatamka hivyo mbele ya msichana. Nilihisi kinyaa kile cha kukanyaga kitu laini gizani.

Selpha aliomba anisaidie kupanga majibu yangu kwenye safu. Ana mwandiko mzuri. Nilimdharau mwezi uliopita pale kwenye meza yake, lakini aliona vibaya kabla yangu.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Mto umepanda, watu wa ng'ambo hawavuki. Wamama hamsini na wawili kwenye orodha.

Jumatatu, 28 Aprili

Majibu. Saratani ya mlango wa kizazi, imeenea. Ndunge alinieleza kwa simu. Kama angeonwa Novemba, akasema, tungekuwa na mazungumzo mengine. Jane alikuwa kando yake, nilimsikia akilia.

Walitaka kumpeleka Nairobi kwa matibabu ya mionzi. Naisula amekataa. Anataka kuwa nyumbani mvua hii, ng'ombe wakiwa na majani.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Nilifua. Kitonga alianika nguo bila kuombwa. Akaniuliza huyo mama wa maziwa anaendeleaje. Nikamwambia. Akasimama na shati mkononi mpaka likamdondokea viatuni.

Jumapili, 11 Mei

Leo nilienda kwao Naisula, upande wa kwenda Isinya. Kutoka lami nilitembea saa nzima, tope jeusi likivuta viatu. Nilikuwa nimebeba dawa za maumivu alizotoa Ndunge.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha ngozi karibu na mlango ili aone nje. Amekwisha mwili. Harufu ilijaa nyumba, na wakwe zake walikuwa wakiingia na kutoka wamekaza nyuso wasionyeshe. Nilimwosha. Nilimbadilisha vitambaa. Kazi hiyo sikuionea kinyaa hata kidogo. Kinyaa changu chote kilikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Tulipobaki wawili nikamwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima na yote yakapotea.

"Ile kalamu ya kijani ni mimi."

"Najua," akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa pale. Niliona mkono wako."

"Na kule Kajiado nilidanganya ukinisikia."

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

Alifunga macho, nikafikiri amelala. "Ningesema, wewe ungeona aibu mbele ya mtoto wangu, ungerudi kwako. Nani angenileta tena? Nilikuwa nakuhitaji."

Hakusema amenisamehe, na sikuomba. Akataka maji. Nikamnywesha. Habari za orodha yangu zilikuwa zimemfikia, akaniuliza wamama wamefika wangapi. Nikamwambia tisini na wanne.

"Mimi niko ndani?"

"Hupo. Nilianza baada yako."

"Niandike," akasema. "Uliza yale maswali."

Nikamwuliza yote matano. Kwa lile la mume alicheka kidogo, akasema mzee wake alikufa miaka kumi iliyopita, niandike hapo kwamba hakuna maumivu. Kwa lile la tano alisema, "Imerudi." Ni mama wa tisini na tano.

Jumanne, 13 Mei

Githongo ameniuliza naandika nini. Nikamwambia utafiti. Akasema utafiti hufanywa na wasomi.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Wagonjwa arobaini. Mama mmoja wa Kona Baridi, amekuja kumsalimu binti yake, naye damu imerudi. Huyo ni wa nane. Nimempa barua ya kwenda kwa Ndunge.

Alhamisi, 22 Mei

Naisula amekufa asubuhi, kabla ya kukamua.

Jumatano, 28 Mei

Tulimzika Jumamosi. Leo nimemfuata Jane shuleni kwake nikamwomba daftari la mama yake. Nilimwambia tarehe tano Juni kuna kikao hapa Kajiado, mradi wa Daktari Joram utatoa matokeo mbele ya wakubwa wa afya wa wilaya, na wauguzi tumealikwa. Nataka kulisoma.

Jane alilitoa kwenye kabati la walimu. Amelifunga kwa kitambaa.

"Soma yote, auntie," akasema. "Hasa huyo wa kijani. Nataka watu wasikie alivyoandika. Na mimi nitakuja nikae nyuma."

Nilipaswa kumwambia palepale. Watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha kwa saba darasa la jirani. Nilipokea daftari nikatoka.

Alhamisi, 5 Juni, Kajiado

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele kulikuwa na maua ya plastiki na chupa za maji. Githongo alivaa tai. Daktari Joram ni mtu mnene mwenye sauti nzuri, alionyesha picha ukutani kwa saa nzima: mistari, miduara, wanawake elfu moja na mia mbili. Mwisho akasema, "Kwa hiyo hii ndiyo hali ya afya ya mwanamke wa Kajiado." Watu wakapiga makofi.

Waliuliza kama kuna mchango. Nikainua mkono. Bila shaka, lile joto likanipanda hapohapo, jasho likanichuruzika usoni mbele ya watu wote. Nikaliacha lichuruzike.

Nilianza na daftari. Nikasema mwenye daftari hili ameshakufa, na hakuwa katika hao elfu moja na mia mbili kwa sababu alikuwa na miaka hamsini na saba. Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa Novemba. *Malalamiko ya umri. Panadol.* Nikasoma wa pili, wa tatu, zote tano, zile za Githongo nikizibahatisha.

"Hiyo ya kwanza niliandika mimi," nikasema. "Na ya Januari pia. Naitwa Nzula Kitonga, muuguzi wa zahanati ya Kitengela. Mama huyu aliniambia anatoka damu, sikumwangalia. Alipoulizwa nani aliandika, nilisema sijui. Nimekuja kusema ni mimi."

Sikuthubutu kutazama nyuma alikokaa Jane.

Daktari Joram akashika kipaza sauti. "Pole sana, mama. Ni hadithi ya kusikitisha. Lakini ni mtu mmoja. Sisi tunafanya kazi na takwimu."

"Niko nazo," nikasema.

Nikageuza daftari hili upande wa nyuma nikasoma safu za Selpha. Wanawake mia moja arobaini na watatu, wote wamepita miaka arobaini na tano. Wasiolala vizuri, tisini na saba. Wenye joto la ghafla, mia moja na wanane. Walioambiwa na mhudumu wa afya jina la hali hiyo, wanne. Wanaoumia na waume zao na hawajawahi kumwambia mtu, sitini na sita. Waliorudiwa na damu baada ya kukoma, tisa. Katika hao tisa, walioangaliwa na mtu yeyote kabla sijawauliza, hakuna.

Joram alitabasamu. "Kazi nzuri ya kujitolea. Unaweza kutuachia daftari, tutaliweka kwenye kiambatisho."

Mbele alikuwa amekaa mama mmoja mzee mwenye nywele nyeupe, mkuu wa wauguzi wa wilaya. Hakuwa ameongea siku nzima. Akamgeukia Joram. "Hao tisa wako wapi leo?" Joram akafungua chupa ya maji. "Nakuuliza wewe mwenye elfu moja na mia mbili. Wako wapi?"

Nikajibu mimi. Mmoja amezikwa. Sita wameshaonwa na Daktari Ndunge, wawili kati yao wana ugonjwa na umewahiwa. Wawili hawajapatikana, nawatafuta.

"Daftari halitaenda kwenye kiambatisho chochote," yule mama akasema. "Sista, utakuja ofisini kwangu nalo kesho."

Nilipotoka, kiti cha Jane kilikuwa kitupu.

Jumatatu, 9 Juni

Mkuu wa wauguzi ameamua: kila Alhamisi, zahanati yetu itakuwa na kliniki ya wanawake waliopita arobaini na tano. Ndunge atakuja kunifundisha kutumia siki kupima mlango wa kizazi, ukiipaka sehemu yenye ugonjwa inageuka nyeupe. Pia nitaandikiwa barua ya onyo kwa yale niliyoandika, na itakaa kwenye faili yangu. Nilisema ni haki.

Githongo alinipa ufunguo wa kabati bila kunitazama. Yeye hajapewa barua. Mwandiko wake hausomeki.

Alhamisi, 12 Juni, Kajiado

Nimeangaliwa na Ndunge, mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nizae mtoto wa mwisho. Niko salama. Kitonga alikuja, akasubiri kwenye benchi na wanawake tupu, kofia magotini. Njiani kwenda stendi akaniuliza hilo joto linakuwaje. Nimeolewa naye miaka ishirini na minane. Nilimweleza tukatembea mpaka tukapita stendi.

Alhamisi, 19 Juni

Kliniki ya kwanza. Walikuja watatu. Habari zimeenea kwamba sista wa Kitengela alimuua mama wa maziwa. Mvua imekwisha, upepo baridi.

Jumapili, 22 Juni

Nilisalimiwa na nusu tu ya kanisa.

Alhamisi, 26 Juni

Saa tatu asubuhi pikapu ilisimama nje. Jane alishuka mbele, halafu nyuma wakashuka wamama sita wa Kimaasai, mmoja amemshika mwenzake. Nilitoka mlangoni. Tulikuwa hatujaonana tangu ukumbini.

Niliwasalimu wamama, wakaitikia. Jane hakunisalimu. Alisimama karibu nami ili wasisikie.

"Hawa ni dada za mama na wake wenza wa dada zake," akasema. "Walikuwa hawataki kuja kwako. Nimewaleta kwa sababu hakuna mahali pengine wanapoangaliwa. Kungekuwa na pengine, ningeenda huko."

"Sawa," nikasema.

"Sijakusamehe."

"Sawa, Jane."

"Nataka nikae ndani ukiwapima. Na nataka nione unachoandika."

Nikampa kiti karibu na meza, upande wa kalamu. Nikanawa mikono. Wa kwanza aliingia, mama wa miaka kama sitini, akaketi akivuta shuka. Nikainua kichwa nikamtazama usoni, Jane akinitazama mimi, nikamwambia aanze popote anapotaka.